Roma ya Kwenye Miwati

Jumanne, 1 Juni 1954

Sakitu asubuhi. Majani meupe yote. Vidole haviwezi kushika shoka.

Mwalimu Yonathani anatufundisha kusoma jioni, sisi watu wa kambi ya miwati. Kaniambia niandike kila siku ili mkono ulainike. Naandika. Mkono haujalainika.

Mambo yangu ni haya. Mimi Kefa. Nilifiwa na mke, Hulda, huu mwaka wa tatu. Kazi yangu kumenya magome ya miti ya miwati hapa Njombe. Magome yanakwenda kiwandani, yanatoa dawa ya kulainisha ngozi. Mikono imekuwa myeusi mpaka viwiko. Haitakati hata Krismasi.

Makambako yuko Fidelia. Mjane. Ana hoteli ya chai pale njia panda, malori yanaposimama. Lori la kampuni linakwenda huko Jumamosi, linarudi Jumatatu alfajiri. Dereva ananipakia juu ya magunia.

Jumamosi iliyopita wenye malori walikuwa wanasimulia vita. Mmoja Habeshi. Mmoja Burma, kaumwa na mdudu mkubwa kama kiatu. Fidelia anasikiliza, kashika birika, hamimini. Akanigeukia. Akauliza, na wewe baba Kefa, vita ilikufikisha wapi? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema Roma.

Roma! Sijui ilitoka wapi. Nadhani mwalimu aliitaja siku moja.

Ukweli nauandika hapa, hakuna wa kusoma. Vita yote nilikuwa hapo hapo Makambako, kambi ya magari ya jeshi. Miaka mitatu. Naosha masufuria. Kutoka kambi ile mpaka hoteli ya Fidelia ni hatua mia mbili. Nimezipima.

Odilo alikuwepo. Huyu anapasua kuni kwa Mtaliani mwenye mashine ya mbao. Mkatoliki. Shingo nene. Hajawahi kuvuka Wanging'ombe, hapo jirani tu. Naye anamtaka Fidelia. Alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema vizuri sana, bwana wake Renzo kazaliwa Roma, mlango wa kwao unatazamana na kanisa la Baba Mtakatifu. Sasa yuko msituni, atarudi Jumapili ya tarehe ishirini. Aje aniulize mbele za watu.

Fidelia akasema haya. Siku hiyo hiyo atatoa jibu lake. Wanaume wawili wamemposa, na amechoka kuwamiminia chai wote wawili.

Siku kumi na tisa. Lazima niijue Roma.

Alhamisi, 3 Juni

Nilimbakiza mwalimu baada ya somo. Nikamwomba anieleze mji wa Roma. Akauliza kwa nini. Nikasema kiu ya elimu. Macho yakamlowa kwa furaha. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Mwenyewe hajafika, alifundishwa na wamisheni wa zamani. Akasema njia nzuri ni kumfuata Luther. Kabla hajagombana na Papa, Luther alikuwa mtawa kijana. Akaenda Roma kwa miguu, kapita milima ya theluji. Akaingia kwa lango la kaskazini, akaanguka kifudifudi, akausalimu mji. Akazunguka kanisa moja mpaka jingine. Kisha akapanda ngazi takatifu kwa magoti. Vipandio ishirini na nane. Kila kipandio Baba Yetu moja. Watu husimulia kwamba alipofika juu akajiuliza, nani ajuaye kama ni kweli?

Nikauliza, magoti yaliumia? Mwalimu akasema haikuandikwa. Hulda angeuliza hivyo hivyo. Ukimweleza mbingu yeye anauliza kama huko watu wanavaa viatu.

Mwalimu akachora mji kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Lango juu. Barabara imenyooka. Ukiingia, mto uko mkono wa kulia, umejikunja kunja. Daraja. Kanisa kubwa. Uwanja wa duara, watu walipigana na simba humo. Halafu ngazi.

Wakati wa kuagana akaniambia, Kefa, kuchora mahali si kufika. Sijui kwa nini alisema hivyo.

Ijumaa, 4 Juni

Karatasi haiingii kichwani. Nimeikazia macho jioni nzima, naona saruji tu. Kichwa changu hakishiki. Miguu ndiyo inashika. Shamba la miwati nalijua lote, mti kwa mti. Hata ukungu ukifunga sipotei.

Basi! Roma nitaitia miguuni.

Nimeanza baada ya kazi. Lango: miwati miwili minene juu ya kilima, inaangaliana. Barabara: njia ya lori. Kanisa kubwa: rundo la magome yaliyofungwa, refu kuliko nyumba. Uwanja wa simba: zizi bovu la ng'ombe, duara kabisa, limebaki vigingi. Daraja: gogo letu la kuvukia kijito.

Taabu moja. Mto wa Roma uko kulia. Kijito chetu kiko kushoto. Nimejaribu kuingia mjini kinyumenyume, ukawa kulia, lakini nikaangukia zizini. Nimeacha. Mto ni mto.

Jumapili, 6 Juni. Pentekoste

Kanisani asubuhi. Baadaye Roma.

Ukungu ulishuka toka milimani, ukakaa. Nikasimama langoni. Miwati ilikuwa imechanua, manjano hafifu, harufu ya asali. Nikaanguka kifudifudi kama nilivyoelezwa. Ardhi baridi, majani yananichoma shavu. Nikasema salamu, Roma.

Niseme nini? Nilipoinua kichwa miti haikuwepo. Zilikuwepo nguzo. Nguzo, nguzo, nguzo, mpaka ukungu unapoishia. Mahali fulani kengele inalia. Inaweza kuwa ya kanisa letu. Nikatembea polepole, mikono nyuma, kama mtu mwenye nafasi. Nikavuka daraja. Nikasimama mbele ya kanisa kubwa, nikavua kofia. Maji yanadondoka toka kwenye magome, ta, ta, ta. Hulda alikuwa anatembea nyuma yangu. Sikugeuka. Nilijua ameshika viatu mkononi ili visichakae.

Nikakutana na mbuzi kwenye uwanja wa simba. Hakunidhuru.

Nimerudi kambini nimelowa chepechepe. Wenzangu wakauliza nilikuwa wapi. Nikakaribia kusema ukweli. Yaani nikakaribia kusema Roma.

Jumanne, 8 Juni

Ngazi hakuna. Shamba zima tambarare na miteremko, ngazi hakuna! Nimechimba. Pale ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo mrefu ambapo wanawake hupanda na maji wakiteleza. Jembe la kuazima. Siku mbili, tangu jana saa za jioni. Vipandio ishirini na nane, kila kimoja nimekikaza na vipande vya mti.

Mara ya kwanza vilikuwa ishirini na saba. Nikabomoa, nikaanza upya. Luther hakupanda ishirini na saba.

Mgongo umekufa.

Alhamisi, 10 Juni

Maafa! Wanawake wameziona ngazi. Asubuhi nimekwenda kusali kidogo, nimekuta foleni ya ndoo. Wanapanda, wanashuka, wanacheka. Mmoja, Telesia, ananiita mkwe, akasema ubarikiwe mkwe, mwaka wa sita sasa tunavunjika viuno hapa na hakuna mwanamume aliyeona.

Nikawaambia hizi ni ngazi takatifu. Zinapandwa kwa magoti. Telesia akauliza, na ndoo kichwani? Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Halafu akaja Lameki, nyapara wetu. Akasimama pale juu, mikono kiunoni. Akauliza nani kampa mtu ruhusa kuchimba shamba la kampuni. Bwana msimamizi mzungu akapita, akaziona, akasema kazi nzuri sana. Lameki akasema asante bwana, nilifikiri siku nyingi.

Nilifikiri! Yeye! Mtu hawezi hata kufikiria kufunga vifungo vyake.

Sasa zinaitwa ngazi za Lameki.

Jumapili, 13 Juni

Makambako. Vumbi, upepo, malori ya kwenda Mbeya.

Nimekaa kwa Fidelia. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Akanipa andazi la moto na kunimegea jingine. Odilo akafika, kabeba kuni begani, mzigo wa watu wawili, ili aonekane. Akaniambia, eti kwani mlifuata nini Roma, ninyi Walutheri? Ngazi takatifu ni zetu. Luther wenu alipita tu, akachafua. Nikamjibu alipita kwa magoti, wewe hata kwenda Njombe unasubiri lifti. Watu wakacheka. Odilo akasema tucheke tu, Jumapili ijayo Mtaliani anakuja. Kila wiki Odilo humpelekea yule mtu mayai, kwa sababu ni jirani wa Papa.

Kitu kimoja kinanisumbua pale. Sufuria. Fidelia anachemshia maji kwenye sufuria kubwa ya jeshi, aliinunua kambi ilipofungwa. Naijua. Imebonyea ubavuni. Mimi ndiye niliyeiangusha, mwaka wa arobaini na mbili, sajini alinikimbiza nayo. Kila nikinywa chai inanitazama. Nimehamisha kiti, nikaipa mgongo.

Fidelia akauliza, huko Roma ni mbali sana? Akauliza polepole. Nikasema sana! Bahari, jangwa, tena bahari. Mtu wa kawaida hawezi. Akaitikia mm. Akatazama barabarani muda mrefu. Akasahau kuchukua kikombe changu.

Ameingia mtegoni! Nimeiona sura yake. Moyo wake umeyeyuka kabisa.

Jumatano, 16 Juni

Leo nimepanda ngazi kwa magoti. Zote.

Nilisubiri wanawake waishe. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miwati, mwanga mwekundu unapita katikati ya vigogo. Kipandio cha kwanza, Baba Yetu. Cha pili, Baba Yetu. Nilisali Kibena, Kiswahili hunikwama kwenye deni zetu. Cha kumi magoti yakaanza kulia. Kwa hiyo jibu la swali la Hulda ni ndiyo. Yanaumia. Nani atamwambia Mwalimu.

Cha kumi na saba nikasahau kwa nini napanda. Fidelia akaondoka kichwani. Odilo akaondoka. Kampuni ikaondoka. Kulikuwa na mwanga tu, na maji chini, na watu wengi sana wanapanda pamoja nami kimya. Watu wa zamani, kanzu zimechakaa. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mmoja akanisogezea nafasi.

Nikafika juu. Nikakaa. Nikasema kama yeye, nani ajuaye kama ni kweli.

Nikaona ni kweli. Kabisa. Mimi nimefika Roma. Mtu akibisha namwonyesha magoti.

Telesia alikuwa amekaa pale juu na ndoo yake, ananisubiri nimalize ashuke. Akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 20 Juni

Nimeandika haya nyuma ya hoteli, nimekaa juu ya gurudumu bovu. Nianze mwanzo.

Watu wamejaa. Madereva, wapasua mbao, wazee wa kanisa, hata mganga wa meno. Mtaliani akaletwa na Odilo kama bwana harusi. Mtu mfupi, ndevu nyekundu, suruali imefungwa kwa kamba. Kakaa kwenye benchi, hatazami mtu. Nilidhani ni majivuno.

Odilo akasimama, akauliza kwa sauti ya karani. Niliingia Roma kwa lango gani?

Nikafumba macho. Nikajiweka kwenye kilima chetu. Nikasema kaskazini. Nguzo mbili nene zinaangaliana. Ukiingia, kuna harufu ya asali.

Wote wakamgeukia Mtaliani. Akameza mate. Akasema asali, ndiyo, ndiyo.

Odilo akauliza mto. Nikasema kushoto. Hapo hapo nikakumbuka karatasi ya mwalimu. Kulia! Nimekwisha! Jasho likanitoka hata kwenye masikio. Mtaliani akasema kushoto. Kabisa kushoto.

Daraja je? Nikasema gogo moja. Sijui kwa nini, miguu ndiyo ilisema. Mtaliani akasema lile gogo, walikuwa watengeneze, vita ikaingia.

Hapo nikapata moto. Nikawaeleza kanisa kubwa linavyodondosha maji ukungu ukiwa mzito. Nikawaeleza uwanja wa simba, vigingi vyake, na mbuzi. Nikawaeleza ngazi takatifu, vipandio ishirini na nane, wanawake wanapanda na ndoo. Mtaliani kila mahali anaitikia, na kila nikiendelea anasogea mbele kwenye benchi, mdomo wazi kama mtoto anayesimuliwa. Akasema wanawake wengi sana, ndiyo. Akasema, endelea.

Nikamaliza. Halafu makofi! Mganga wa meno alinibusu mkono. Odilo alikaa chini kama gunia lililofunguliwa.

Fidelia akafuta mikono kwenye kanga. Akasema, kumbe ni kweli.

Nikasema kweli tupu.

Akasema mume wake, marehemu Efraimu, alikuwa mtu mwema, lakini miguu yake haikutulia. Alisikia habari ya mji, lazima aende. Vita ilipoita hakungoja aitwe mara mbili. Aliaga kwa miezi mitatu. Kilichorudi ni barua. Yeye amekaa hapa njia panda miaka kumi anawatazama watu wanaondoka. Hataki tena mwanamume mwenye safari miguuni.

Akanitazama. Akasema, baba Kefa, tangu siku ile nilikuwa naomba iwe uongo.

Akasema jibu langu ni hapana. Odilo atamfikiria.

Akaenda kuchochea moto.

Jumatatu, 21 Juni

Juu ya lori, mwandiko unaruka.

Jana sikumaliza. Nilipokuwa kwenye lile gurudumu, Mtaliani akanifuata. Akanishika mkono na mikono yake yote miwili. Akanisihi, Kiswahili chake kinavunjika vunjika, nisimseme. Nikamuuliza nisiseme nini. Akasema najua vizuri, mimi niliyekaa Roma, nimeona kwamba yeye haijui.

Haijui! Hajawahi kuiona Roma hata kwa mbali. Kwao ni kijiji juu milimani, kaskazini kabisa, nyumba kumi na moja na mbuzi. Mama yake anatengeneza jibini. Toka kijijini jeshini, toka jeshini kifungoni kwa Waingereza, toka kifungoni Tanganyika. Kila akitaja kijiji chake watu wanakunja uso. Siku moja akachoka, akasema Roma. Tangu siku ile anapewa mayai.

Nikamwambia na mimi sijafika. Akanitazama. Akakaa kwenye ukingo wa gurudumu langu. Tukacheka mpaka tukalia, halafu tukawa tunalia tu.

Akanieleza kwao. Theluji mpaka madirishani. Kengele za mbuzi zikishuka jioni, kila mbuzi na sauti yake. Akasema alipofika mara ya kwanza Kitulo, kule juu penye maua, alikaa chini akawaza amerudi nyumbani, ndiyo sababu hakuondoka tena nchi hii.

Alipoinuka akasema siku moja angependa kufika Roma. Akasema, ile ya kwako.

Jumapili, 27 Juni

Nimekwenda kumwambia Fidelia ukweli. Mpango ulikuwa mzuri: anaomba iwe uongo, mimi nina uongo. Nini tena?

Nikasimama katikati ya hoteli. Nikasema sikufika Roma. Niliwadanganya wote.

Hakuna aliyeamini! Mzee mmoja wa kanisa akasema tazameni unyenyekevu. Dereva akasema mapenzi yamemrusha akili. Odilo, adui yangu Odilo, akasimama na kuapa kwa Bikira Maria kwamba nilifika. Si bwana wake ameshuhudia? Nani anathubutu kusema bwana wake ni mwongo? Akanipiga kifua kwa kidole, akaniita Mroma mkubwa we. Nikamtafuta Mtaliani kwa macho. Alikuwa nje, anakagua tairi. Tairi si lake.

Fidelia peke yake hakucheka. Akanivuta jikoni. Akasema, haya, mimi nataka kuamini. Kama hukuwa Roma, ulikuwa wapi miaka yote ile? Nitajie mahali pamoja. Hata ungekuwa unachunga mbuzi hapo nyuma, ningefurahi.

Sufuria ilikuwa mbele yangu. Inachemka. Fidelia akaona naitazama. Akasema, hiyo nimeinunua kambi ya jeshi, hapo hapo unapoona vichaka. Akasema tazama ndani, inang'aa kama kioo mpaka leo. Kuna mtu aliisugua vile, kwa mchanga na majivu, siku baada ya siku, bila kutazama barabarani. Akasema mara nyingine akipika peke yake humfikiria mtu yule. Mtu wa namna hiyo angemtosha.

Nikafungua mdomo.

Lakini masufuria! Mwanamume mzima, vita ya dunia, masufuria! Wenzangu Burma, mimi mchanga na majivu! Atanitazamaje? Nikafunga mdomo.

Nikamwambia anipe mpaka Jumapili ijayo, nitamtajia mahali penyewe. Akasema sawa, Jumapili ijayo, na ndiyo mwisho. Odilo naye ameambiwa asubiri. Akanipa andazi nile njiani. Nimelishika mpaka likapoa.

Jumatano, 30 Juni

Nimepata!

Nimewaza siku tatu, shoka mkononi. Fidelia anataka mtu aliyetulia mahali pamoja. Nani ametulia mahali pamoja kuliko wote? Mfungwa! Hakuna aliyetulia kama mfungwa. Nitasema vita yote nilikuwa jela, Iringa. Na si kwa wizi. Kwa kumpiga mtu mkubwa, kwa haki. Jela ina heshima kuliko masufuria. Nashangaa sikuliona mapema.

Agustino wa kambi yetu alifungwa miezi sita kwa kumzaba karani kofi. Nimemwomba anieleze jela yote, mlango kwa mlango. Akauliza kwa nini. Nikasema kiu ya elimu.

Leo jioni tumeanza kupima. Ukungu umeshuka tena, mzuri sana, huoni mwisho wa miti. Ua wa jela ni lile zizi. Jiko ni rundo la magome. Jiko nimeliruka, sina haja nalo. Chumba changu kiko juu ya ngazi, nitaona maji yakipita chini. Lango nimeliweka pale pale penye ile miwati miwili, ipo tayari, kwa nini nihangaike.

Nikasimama langoni. Nikaanguka kifudifudi, kujaribu.

Agustino akasema jela hakuna anayeingia hivyo. Nikamwambia, nani ajuaye?

Akasema yeye. Alikuwemo.